DAZENI NI NGAPI? Somo kwa Mkulima Anayeuza Mayai

Bwana mkulima, na wewe Mama mwenye kuku, mwezi huu twataka kusoma pamoja neno moja tu. Ni neno la Kiingereza ambalo limeingia katika Kiswahili zamani, na kila mtu amelisikia dukani. Waingereza huandika "dozen". Sisi twasema dazeni, na wengine husema dazani.

Labda utauliza, neno moja lina kazi gani katika gazeti la wakulima? Jibu ni hili. Mkulima wa skimu akishazoea kuuza mayai kwa jirani, siku moja atapata barua kutoka kwa hoteli, shule au duka la mjini. Barua hiyo huenda isitaje mayai mangapi. Itataja dazeni. Bei nayo itakuwa ya dazeni. Mkulima asiyejua neno hili barabara atatia sahihi, kisha atapata hasara kila wiki bila kujua fedha zake zinapotelea wapi.

DAZENI MAANA YAKE NINI

Dazeni ni vitu kumi na viwili. Si kumi, wala si kumi na tano.

Wako watu wanaodhani dazeni ni kumi, kwa sababu sisi tumezoea kuhesabu kwa makumi. Tazama hasara yake. Mtu mmoja amekubali kupeleka dazeni 30 kwa wiki. Akilini mwake anawaza mayai 300. Anapofika kwa mnunuzi anaambiwa mzigo haujatimia, kwa kuwa dazeni 30 ni mayai 360. Amepungukiwa mayai 60, yaani trei mbili nzima. Tufanye kwamba yai moja ni shilingi 11. Alipopatana bei alidai shilingi 3,300, nayo ilikuwa bei ya mayai 300. Kumbe mzigo wenyewe wa mayai 360 thamani yake ni shilingi 3,960. Shilingi 660 zimekwenda bure, na wiki ijayo zitakwenda tena.

Neno hili Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa katika neno la Kilatini la kumi na mbili. Kiswahili nacho kina neno la zamani la hesabu hiyohiyo, lililotoka kwa Waarabu: thenashara. Lakini thenashara ni jina la namba tu, na dazeni ni jina la fungu. Watu wa pwani wanajua mafungu ya namna hii. Muuza boriti za mikoko akikwambia korija moja, maana yake ni boriti ishirini. Vilevile twasema jozi ya viatu, wala hatusemi viatu viwili. Dazeni, korija na jozi ni maneno ya ukoo mmoja: kila moja ni fungu lenye idadi yake.

KWA NINI KUMI NA MBILI

Huenda wajiuliza kwa nini wafanyaji biashara walichagua hesabu hii badala ya kumi, ambayo ni rahisi zaidi. Sababu ni kwamba kumi na mbili hugawanyika vizuri. Ukiwa na mayai kumi waweza kuyagawa kwa watu wawili au watano tu. Ukiwa na kumi na mawili waweza kuyagawa kwa watu wawili, watatu, wanne au sita, na hakuna yai litakalobaki. Hata katika kufunga, vitu kumi na viwili hukaa vizuri ndani ya sanduku: safu tatu za vitu vinne, au safu mbili za vitu sita.

Uingereza ilikuwa na sababu nyingine. Mpaka mwaka 1971 shilingi ya Uingereza ilikuwa na peni 12. Kwa hivyo kitu kilichouzwa shilingi moja kwa dazeni kilikuwa ni peni moja kwa kimoja, na hata mtoto aliweza kuhesabu. Kwetu Afrika ya Mashariki haikuwa hivyo. Shilingi yetu tangu ilipoletwa mwaka 1921 ina senti 100. Basi hapa dazeni haikuja na urahisi wa fedha, na ndiyo maana yatupasa tuhesabu kwa uangalifu zaidi.

Kenya ilipoacha ratili na galoni na kuchukua kilo na lita, dazeni haikuondoka. Sababu ni kwamba dazeni si kipimo cha uzito wala cha ujazo. Ni idadi tu.

Kama huna kalamu, mkono wako wakutosha. Tazama vidole vinne, ukiacha gumba. Kila kidole kina pingili tatu. Tatu mara nne ni kumi na mbili. Tumia gumba kugusa pingili moja kwa kila yai. Ukimaliza vidole vinne, hiyo ni dazeni moja. Kwa kila dazeni kunja kidole kimoja cha mkono wa pili. Mkono ukishafumba, umehesabu dazeni tano, yaani mayai 60, nayo ni trei mbili kamili.

JINSI WAINGEREZA WANAVYOLITUMIA

Sasa tusome neno lenyewe kama linavyoandikwa katika barua na katika oda. Mtoto wako wa shule naye aweza kusoma sehemu hii pamoja nawe.

Kwanza: "a dozen eggs" ni mayai kumi na mawili kamili. "Half a dozen eggs" ni mayai sita.

Pili: neno hili likifuata namba, haliongezwi herufi ya wingi. Husemwa "two dozen eggs", "ten dozen eggs". Si sawa kusema "two dozens eggs". Wala neno "of" haliwekwi hapo, ila kama wataja mayai fulani yanayojulikana, kwa mfano "two dozen of these eggs", yaani dazeni mbili katika mayai haya.

Tatu, na hapa ndipo penye mtego: likiongezwa herufi ya wingi bila namba mbele yake, neno hubadilika maana. "Dozens of eggs" maana yake ni mayai mengi, bila kusema mangapi. Yaweza kuwa 30, yaweza kuwa 90. Mtu akikuandikia kwamba atahitaji "dozens of eggs" kila wiki, bado hajakuahidi chochote. Usinunue vifaranga kwa ajili ya barua kama hiyo. Usichukue mkopo kwa ajili yake. Mjibu kwa adabu, umwulize: dazeni ngapi, siku gani, kwa bei gani?

Nne: katika mazungumzo ya kawaida Waingereza husema "a dozen or so", yaani kama kumi na mbili hivi. Katika mazungumzo si neno. Katika mapatano ya biashara usilikubali, kwa kuwa mnunuzi atachagua hesabu inayompendeza siku hiyo.

Tano: katika orodha za bei utaona "per dozen", yaani bei ya kila dazeni moja. Pengine hufupishwa kuwa "doz." tu. Ukiona "20 doz.", soma dazeni 20, yaani mayai 240.

Sita: uko msemo wa Kiingereza usemao kwamba jambo hili ni sita, na lile ni nusu dazeni. Maana yake ni kama sisi tunavyosema ni mamoja, au yote sawa.

DAZENI NA TREI

Hapa Kenya mkulima huhesabu kwa trei, na trei ni mayai 30. Mnunuzi wa mjini pengine huhesabu kwa dazeni. Basi yafaa ujue kupita kutoka hesabu moja kwenda nyingine bila kubahatisha.

Trei moja ni dazeni mbili na nusu. Trei mbili ni dazeni tano. Trei nne ni dazeni kumi. Trei kumi na mbili ni dazeni thelathini, yaani mayai 360. Hesabu hiyo ya mwisho ni rahisi kushika kwa sababu namba zinapishana tu: trei 12 za mayai 30, au dazeni 30 za mayai 12.

Kuhusu bei, shika kanuni mbili.

Ukiwa na bei ya dazeni na wataka bei ya trei, zidisha kwa mbili na nusu. Mfano: dazeni ni shilingi 140. Mara mbili ni 280, nusu ya 140 ni 70, jumla 350. Basi trei ni shilingi 350.

Ukiwa na bei ya trei na wataka bei ya dazeni, zidisha kwa mbili kisha gawanya kwa tano. Mfano: trei ni shilingi 330. Mara mbili ni 660. Ukigawanya kwa tano wapata 132. Basi dazeni ni shilingi 132.

Sasa waona jinsi mtu anavyoweza kudanganyika. Mchuuzi mmoja amekuja na bei ya shilingi 330 kwa trei. Wa pili anasema, "Mimi nakupa shilingi 125 kwa dazeni." Mkulima akisikia 125 kwa mayai kumi na mawili, aona ni nyingi. Lakini 125 mara mbili na nusu ni shilingi 312 na senti 50. Wa pili anatoa kidogo kuliko wa kwanza. Kila mara geuza bei zote mbili ziwe za namna moja kabla ya kuchagua.

DAZENI HAISEMI UKUBWA

Neno dazeni linakwambia idadi peke yake. Halikwambii yai ni kubwa au dogo, ni bichi au ni la wiki tatu, limepasuka au ni zima. Dazeni ya mayai ya tetea aliyeanza kutaga jana ni dazeni, na dazeni ya mayai makubwa ya kuku mzima ni dazeni vilevile.

Nchi nyingine zimelitengenezea jambo hili sheria. Marekani, mayai hupangwa kwa madaraja kufuatana na uzito wa dazeni nzima. Dazeni ya mayai makubwa haipungui aunsi 24, yaani kama gramu 680. Ya kadiri haipungui aunsi 21, kama gramu 595. Ya mayai madogo haipungui aunsi 18, kama gramu 510. Tazama tofauti kati ya dazeni ya makubwa na ya madogo: ni gramu 170, sawa na mayai makubwa matatu. Idadi ni moja, lakini chakula si kimoja.

Nchi za Ulaya hupima yai moja moja. Yai dogo ni chini ya gramu 53, la kadiri huanzia 53, kubwa huanzia 63, na kubwa sana huanzia 73.

Je, hili lakuhusu? Lakuhusu sana. Kama kuku wako wanataga mayai makubwa na unayauza kwa dazeni bila kutaja ukubwa, unampa mnunuzi chakula cha bure. Na kama unapeleka mayai madogo bila kusema, mnunuzi atakuacha na kutafuta mtu mwingine. Basi fanya hivi: pima dazeni moja kwenye mizani ya jikoni kila wiki, na uandike uzito wake. Tenga makubwa mbali na madogo. Kisha patana bei mbili. Katika mapatano andika pia kwamba mayai yatahesabiwa mbele yenu wote wawili mzigo unapofika, na kwamba yaliyopasuka yatatolewa kabla ya kuhesabu. Likipasuka mikononi mwa mnunuzi baadaye, hilo ni lake.

HABARI YA NYONGEZA

Waingereza wana msemo "a baker's dozen", yaani dazeni ya mwoka mikate. Hiyo si kumi na mbili, ni kumi na tatu. Katika karne ya 13, zama za Mfalme Henry wa Tatu, ilitungwa sheria ya kusimamia uzito na bei ya mkate, na mwoka mikate aliyepunja watu aliadhibiwa. Husemekana kwamba kwa kuogopa adhabu waoka mikate walikuwa wakiongeza mkate mmoja juu ya kila dazeni, ili wasije wakashtakiwa.

Sisi pia tunajua nyongeza. Ukinunua viazi sokoni, mama muuzaji huongeza viwili vitatu juu. Ni desturi nzuri, na huleta wateja. Lakini nyongeza ni zawadi ya muuzaji, si haki ya mnunuzi. Yai moja kwa kila dazeni laonekana dogo. Lakini kwa dazeni 30 ni mayai 30, yaani trei nzima imekwenda. Ukitaka kutoa nyongeza, toa kwa hiari yako, na katika daftari iandike mbali na mauzo. Usikubali iandikwe ndani ya mapatano.

NENO LINGINE LA JIRANI: GROSI

Ukinunua vitu kwa jumla utakutana na grosi. Grosi ni dazeni kumi na mbili, yaani vitu 144. Penseli, vifungo na vitu vingine vidogo vya duka huuzwa hivyo. Lakini angalia: neno hilohilo la Kiingereza lina maana ya pili. Kwenye gunia au kwenye hati ya mizani, "gross weight" haihusu dazeni hata kidogo. Ni uzito wa kitu pamoja na gunia lake au sanduku lake. Uzito wa kitu peke yake huandikwa "net weight". Ukilipwa kwa kilo, uliza ni uzito upi unaolipiwa.

DAZENI KAMA KIPIMO CHA FAIDA

Sasa twafikia jambo kubwa kuliko yote. Wafugaji wengi hujua wameuza mayai mangapi, lakini hawajui dazeni moja imewagharimu chakula kiasi gani. Hesabu hii ndiyo itakayokuonyesha kama kuku wanakulisha wewe, au wewe ndiwe unayewalisha wao.

Tufanye una kuku 100. Kila kuku hula gramu 120 kwa siku, kwa hiyo wote hula kilo 12. Leo wametaga mayai 72. Gawanya 72 kwa 12: ni dazeni sita. Gawanya kilo 12 za chakula kwa dazeni sita: kila dazeni imekula kilo mbili. Kama kilo ya chakula ni shilingi 50, dazeni moja imegharimu shilingi 100 za chakula. Ukiiuza kwa shilingi 132, unabakiwa na shilingi 32 za kulipia dawa, maranda, usafiri na jasho lako.

Sasa tufanye miezi imepita, kuku wamezeeka au kuna ugonjwa bandani. Wanakula kilo 12 zilezile, lakini wanataga mayai 48. Hizo ni dazeni nne. Kila dazeni sasa imekula kilo tatu, yaani shilingi 150. Ukiiuza kwa 132 umepoteza shilingi 18, nawe hujalipia dawa wala usafiri. Hata hivyo, kila jioni bado unabeba mayai, na kila wiki bado unapokea fedha mkononi. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Fedha inaingia, kumbe shamba linafilisika.

Andika daftarini kila siku mambo matatu: chakula kilichotumika, mayai yaliyookotwa, na kuku waliokufa. Mwisho wa wiki jumlisha mayai, gawanya kwa 12, kisha gawanya kilo za chakula kwa dazeni ulizopata. Namba hiyo ikianza kupanda wiki baada ya wiki, usingoje. Angalia kama maji yanatosha, kama chakula kinamwagika au kuliwa na panya, kama kuku wana wadudu, kama mwanga na hewa vinaingia bandani. Usipoona sababu, mwite ofisa wa mifugo. Ikiwa ni uzee tu, uza kuku wale wa nyama mapema, kabla hawajala faida ya mwaka mzima.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Dazeni ni 12 kamili. Nusu dazeni ni 6. Grosi ni 144.
2. Trei ni dazeni mbili na nusu.
3. Katika kila oda na kila stakabadhi andika mambo mawili pamoja: dazeni na idadi. Kwa mfano: dazeni 15, mayai 180. Hapo hakuna atakayebisha.
4. "Dozens of" si oda.
5. Dazeni ni idadi; ukubwa na uzima wa yai vipatanie peke yake.
6. Kila wiki jua dazeni moja imekula kilo ngapi.

MASWALI YA KUJIJARIBU

Funika majibu kwanza.

1. Hoteli inataka dazeni 25 kila Ijumaa. Ni mayai mangapi, na ni trei ngapi?
2. Mnunuzi wa kwanza anatoa shilingi 345 kwa trei. Wa pili anatoa shilingi 140 kwa dazeni. Wote huja shambani kuchukua. Yupi ana bei nzuri?
3. Kuku 200 wamekula kilo 24 na kutaga mayai 120. Dazeni moja imekula kilo ngapi? Kilo ikiwa shilingi 50 na dazeni ikiuzwa 132, kumebaki nini?
4. Shule imeandika "six dozen eggs". Utapeleka mangapi?

Majibu: (1) Mayai 300, trei 10. (2) Wa pili. Bei yake ni shilingi 350 kwa trei. (3) Kilo mbili na nusu kasoro kidogo, yaani 2.4, chakula ni shilingi 120, kumebaki shilingi 12, nazo hazitoshi gharama nyingine. Angalia banda lako. (4) Mayai 72.

Ukipata yote, umefaulu. Ukikosa moja, rudia sehemu yake leo jioni, na umsomee jirani yako pia, kwa maana huenda ninyi wawili mnamwuzia mnunuzi mmoja.